Kudhibiti kisukari nyumbani kwa msaada wa simu janja: mwongozo kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Siku ya kliniki ya kisukari huanza gizani. Mgonjwa anayetoka Kiwira au Isongole hupanda gari la kwanza kwenda Mbeya mjini, hukaa kwenye benchi kwa saa kadhaa akisubiri jina lake liitwe, kisha huingia kwa daktari na kuulizwa swali ambalo matibabu ya miezi miwili au mitatu ijayo hulitegemea: sukari imekuwaje nyumbani? Wengi hujibu kwamba imekuwa nzuri tu, au hutoa daftari lenye namba zilizopangwa kama alama za mtihani, zisizo na saa, zisizo na chakula, wakati mwingine zisizo hata na tarehe. Daktari hawezi kubadilisha dozi kwa namba za namna hiyo, na akibadilisha atakuwa anabahatisha.

Mwongozo huu unaeleza jinsi simu janja, hata ile ya bei ya chini, inavyoweza kukusaidia kulijibu swali hilo. Nimeuandika nikiwa mwanafamilia na si tabibu. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, anaishi Tukuyu na anachoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya taratibu kwa pamoja) asubuhi na jioni, nami nipo Mbeya, kwa hiyo mengi ya hapa nimejifunza kwa kukosea kwanza. Viwango ninavyovitaja ni vile vinavyotumika kwa watu wazima wengi, lakini mjamzito, mtoto, mzee aliyedhoofika au mwenye ugonjwa wa figo hupangiwa vyake, na kilichoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki ndicho cha kufuata.

Ieleweke mapema kwamba simu yenyewe haipimi sukari. Bado unahitaji glukomita, yaani mashine ndogo ya kupimia sukari, stripu, yaani vijiti vyake vya kupokelea damu, na tone la damu. Ukiona saa ya mkononi au pete inayotangazwa mtandaoni kwamba hupima sukari bila kutoboa ngozi, usiinunue. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma kwamba haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo. Vitambuzi vya kubandika mkononi kama FreeStyle Libre ni jambo jingine, kwa kuwa vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na hukaa kwa wiki mbili hivi, ila gharama ya kuvinunua tena na tena ni mzigo kwa kaya nyingi za huku.

Hatua ya kwanza: Patanisha saa kabla ya kupakua chochote

Zipo saa tatu zinazopaswa kusema kitu kimoja: saa ya glukomita, saa ya simu, na saa iliyo mdomoni mwa mgonjwa. Watu huikumbuka ya pili tu.

Saa ya glukomita huvurugika mara nyingi betri inapobadilishwa. Kabla ya kuendelea, fungua mipangilio ya mashine yako, linganisha tarehe na saa yake na ya simu, urekebishe hadi dakika. Kwenye simu, chagua tarehe na saa zijiweke zenyewe kutoka kwenye mtandao, kisha uchague mfumo wa saa 24, ili saa moja asubuhi isomeke 07:00 na saa moja jioni isomeke 19:00.

Saa ya mdomoni ndiyo iliyotuponza. Tulikubaliana kwamba mama awe anapima na kunitumia ujumbe wa sauti, na mwanangu aliye kidato cha tatu awe anazikusanya namba hizo usiku na kuziingiza kwenye programu. Mama alisema, kwa mfano, kwamba amepima saa kumi na moja alfajiri akapata nne nukta mbili, na kwamba saa kumi na mbili na nusu jioni amepata kumi nukta moja. Kijana, akiwa na usingizi na mlolongo wa jumbe za kumaliza, aliandika alichokisikia: 11:00 na 12:30. Wiki tatu baadaye tulipeleka ripoti safi yenye grafu ya rangi, na muuguzi akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Mama, mbona hupimi asubuhi kabla ya kula?"

"Mwanangu, mimi napima kabla hata sijawasha moto."

Muuguzi alihesabu sita kwenye vidole vyake, akacheka, kisha akaacha kucheka. Kwa anayechoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, kipimo cha alfajiri ndicho kinachoonyesha kama dozi ya jioni inatosha au imezidi, na kipimo cha kabla ya chakula cha jioni ndicho kinachoisemea dozi ya asubuhi. Ile 4.2 ya alfajiri, iliyojirudia siku kadhaa na kukaribia mno mpaka wa hatari wa 3.9, ilikuwa inalalamikia dozi ya jioni. Kwenye grafu yetu ilikaa saa tano mchana, na mtu asiye makini angepunguza dozi ya asubuhi, akamwacha mama aendelee kushuka usingizini.

Kwa hiyo kubalianeni na kila anayehusika kwamba saa inayotamkwa kwa Kiswahili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni na dakika zake, huongezwa sita inapoandikwa; kuanzia saa moja hadi saa tano usiku na dakika zake huongezwa kumi na nane; na kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri na dakika zake hupunguzwa sita. Njia salama zaidi ni mgonjwa kuipiga picha glukomita mara baada ya kupima na kuituma, kwa sababu picha hubeba saa yake yenyewe.

Baada ya saa, angalia kipimo. Mashine nyingi zinazotumika huku husoma kwa milimoli kwa lita, yaani mmol/L, lakini zipo zinazosoma kwa miligramu kwa desilita, mg/dL, hasa zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani. Moja ya kwanza ni sawa na kumi na nane za pili, kwa hiyo 7.0 na 126 ni sukari ileile. Hakikisha programu inatumia kipimo kilekile cha mashine yako, la sivyo itakupigia king'ora bila sababu au itanyamaza pale inapopaswa kulia.

Hatua ya pili: Chagua programu moja, na iwe nyepesi

Ukitafuta neno la kisukari kwenye duka la programu la simu utapata mamia. Ondoa kwanza zote zinazoahidi kuponya kisukari kwa siku kadhaa, zinazouza dawa za mitishamba, au zinazodai kupima sukari kwa kuweka kidole kwenye kamera. Katika zinazobaki, tafuta inayofanya kazi bila intaneti, kwa kuwa mtandao wa Makete au wa milimani Rungwe hauna ahadi. Inayokubali kipimo chako. Yenye nafasi ya kuandika maelezo kwa maneno yako. Na inayoweza kutoa ripoti ya kutuma au kuchapisha. Sifa hii ya mwisho ijaribu siku ya kwanza, kwa maana programu kadhaa hukuruhusu kuingiza taarifa bure na kukudai pesa siku unapotaka kuzitoa.

Miongoni mwa zinazojulikana ni mySugr, iliyoanzia Vienna nchini Austria na kununuliwa na kampuni ya Roche mwaka 2017, pamoja na zile za watengenezaji wa glukomita wenyewe, ambazo hupokea vipimo moja kwa moja kwa Bluetooth ikiwa mashine yako ina uwezo huo. Kupokea moja kwa moja ni bora kuliko kuandika kwa mkono, kwa sababu namba haibadiliki njiani wala haisahauliki. Nyingi ya programu hizi zipo kwa Kiingereza. Usilione hilo kuwa ukuta: maneno unayoyahitaji hayazidi kumi na tano, na mjukuu anaweza kuyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu.

Kama hakuna inayokufaa, tengeneza jedwali kwenye Google Sheets lenye safu sita tu: tarehe, saa, kipimo, kabla au baada ya kula, dawa, maelezo. Sioni aibu kusema kwamba kwa wazee wengi jedwali hili hushinda programu zenye katuni na pongezi.

Simu ikiwa na nafasi ndogo, zuia programu nyingine zisijisasishe zenyewe kwa bando. Programu ya kisukari hula data kidogo mno. Kinachomaliza vocha ni video za kwenye makundi.

Hatua ya tatu: Weka kengele, lakini zifunge kwenye chakula

Kila simu ina kengele, na kengele inaweza kupewa jina. Andika "Metformin, kula kwanza" badala ya kuiacha bila jina, kwa sababu dawa hiyo huvuruga tumbo ikinywewa bila chakula. Simu nyingi huruhusu pia sauti uliyoirekodi itumike kama mlio, mama yangu huzima milio yote isipokuwa ile ya mjukuu wake wa miaka sita anayesema, "Bibi, dawa yako."

Kwa insulini, kengele ina hatari yake. Huku kwetu chakula cha jioni hupikwa kwa kuni au mkaa, na maharage hayajui kwamba saa moja imefika. Mtu akichoma insulini kwa kuwa kengele imelia, kisha chakula kikachelewa saa moja na nusu, sukari itashuka kabla sahani haijawekwa mezani. Jina la kengele liwe swali: "Chakula kimeiva?" Asiyekuwa na uhakika wa chakula asichome bado, hata kengele ikirudia mara tatu.

Zipo kengele nyingine mbili ambazo watu huzisahau. Ya kwanza ni ya chupa ya insulini: siku unapoifungua, weka kikumbusho cha siku 28 mbele, kwa sababu insulini nyingi zikishafunguliwa hazipaswi kutumika zaidi ya hapo hata kama dawa imebaki. Ya pili ni ya baridi. Insulini isiyofunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena na kuonekana kama kawaida. Mwezi Juni na Julai, barafu inapolala kwenye majani ya Kitulo na Makete, chupa iliyoachwa dirishani usiku inaweza kuganda. Programu ya hali ya hewa ikionyesha usiku wa nyuzi sifuri au mbili, ihamishie chupa katikati ya nguo kabatini. Anayeteremka Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa naye asiiweke kwenye buti la gari.

Hatua ya nne: Pima kwa mpango, andika papo hapo

Stripu ni ghali, na mtu asiyetumia insulini hana haja ya kupima mara nne kila siku. Lakini kupima asubuhi tu mwaka mzima nako hakusaidii sana, kwa sababu unaona tundu moja la ua na kudhani umeliona shamba. Njia inayofaa ni kupima kwa jozi. Chagua mlo mmoja, pima kabla ya kuanza kula, weka kengele ya saa mbili kuanzia tonge la kwanza, kisha pima tena. Siku inayofuata au keshokutwa yake, fanya hivyo kwa mlo mwingine, au kwa mlo uleule baada ya kubadilisha kitu kimoja. Kwa watu wazima wengi lengo la kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L, na la saa mbili baada ya kuanza kula ni chini ya 10.0.

Hivi ndivyo mistari mitatu ya mama ilivyosomeka, nayo ilitufundisha kuliko semina yoyote:

Jumanne 18:25, 6.9, kabla ya kula.
Jumanne 20:40, 13.2, baada ya kula. Ugali ngumi mbili, maharage, mchicha kidogo.
Alhamisi 20:35, 9.6, baada ya kula. Ugali ngumi moja, maharage kikombe kizima, mchicha nusu sahani.

Hakuna aliyemwambia aache ugali. Aliuona mwenyewe, akapunguza ngumi moja, na hakuhitaji mahubiri.

Kabla ya kutoboa kidole, nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke. Aliyetoka kumenya ndizi mbivu au embe ana sukari vidoleni, na mashine itaisoma sukari hiyo kana kwamba imo kwenye damu. Asubuhi za kipupwe mikono huwa ya baridi kiasi kwamba damu haitoki. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ishushe chini ya kiuno kwa dakika moja, toboa ubavuni mwa kidole na si kwenye ncha. Mashine nayo huhisi baridi, na nyingi hutoa alama ya hitilafu joto likiwa chini ya nyuzi kumi hivi. Iweke ndani ya koti kwa dakika kumi kabla ya kuitumia. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, hasa Rungwe ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, maana unyevu huziharibu.

Neno HI kwenye kioo si salamu. Kwenye mashine nyingi lina maana kwamba sukari imepita 33.3 mmol/L na mashine imeshindwa kuhesabu. Programu haitakuruhusu kuandika herufi mahali pa namba, kwa hiyo iandike kwenye maelezo, kisha acha kuandika na uondoke kwenda hospitali.

Sehemu ya maelezo ndiyo yenye utajiri wote. Maneno matatu yanatosha: "nimelima nusu siku", "msiba, sikulala", "mafua". Homa hupandisha sukari, jembe huishusha, na kipimo kisichoelezwa humfanya daktari aitibu homa kwa insulini.

Hatua ya tano: Jenga orodha yako ya vyakula

Programu za kigeni hujua aina arobaini za mkate na hazijui ugali wa dona. Kusoma mistari myeusi ya kwenye pakiti (barcode) kwa kamera hakukusaidii sokoni Mwanjelwa, ambako vitu hupimwa kwa sado na mafungu. Karibu kila programu ina sehemu ya kuongeza chakula chako mwenyewe, na kazi ya jioni mbili inatosha kwa mwaka mzima.

Ugali usiupime ukiwa umeiva, kwa kuwa maji hutofautiana kwa kila mpishi. Pima unga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hadi 80 hivi, na mchele mkavu uko palepale. Ukisonga gramu 500 za unga kwa watu watano wanaokula sawa, kila mmoja amepata wanga wa gramu 75 au zaidi kwa ugali peke yake, na hiyo tayari ni nyingi kwa mlo mmoja wa mtu mwenye kisukari. Viazi mviringo vilivyochemshwa vina gramu 20 hivi kwa kila gramu 100, ndizi mbivu ya wastani gramu 25 hivi. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe wamejaliwa nalo, lina wanga kidogo sana, lakini mafuta yake ni mengi na nusu tunda kwa mlo mmoja linatosha. Kwa vyakula vingine, lipo jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililochapishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Shule ya Afya ya Umma ya Harvard. Mwombe mtaalamu wa lishe wa hospitali akusaidie kulisoma.

Asiyetaka mizani apige picha ya sahani, kila mara kutoka juu na kwa sahani ileile. Baada ya mwezi, picha mbili za sahani pamoja na vipimo vyake husema yote.

Ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi, nao uandikwe. Ukiwa mtamu, asubuhi ulipogemwa, ni maji ya sukari. Ukishakuwa mkali ni pombe, na pombe kwa anayechoma insulini inaweza kuishusha sukari saa nyingi baadaye, usiku wa manane, wakati nyumba nzima imelala. Najua Iringa na Njombe hakuna atakayeandika kila kikombe, lakini aandike walau siku yenyewe.

Baadhi ya programu zina kikokotoo cha dozi ya insulini. Kizime, kama daktari wako hajakaa nawe na kuingiza viwango vyako yeye mwenyewe.

Hatua ya sita: Andaa simu kwa siku mbaya

Kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android kuna sehemu ya usalama na dharura, na taarifa unazoziweka humo husomeka hata simu ikiwa imefungwa. Andika kwamba una kisukari, jina la dawa zako, na namba za watu wawili walio karibu. Mwanao aliye Dar es Salaam si mtu wa dharura. Jirani mwenye pikipiki ndiye.

Kisha andika kwenye noti ya kwanza ya simu, kwa herufi kubwa, maneno ya kumsomea yeyote atakayekukuta. Kwamba sukari ikiwa chini ya 3.9, au mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho la baridi na kuongea ovyo hata kama hakuna muda wa kupima, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa vikiwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Kwamba asubiriwe dakika 15, apimwe tena, na ikiwa bado iko chini arudiwe. Ikipanda, ale chakula. Kwamba akiwa amepoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni, alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Na kwamba sukari ikibaki juu ya 15 pamoja na kutapika, kuhema kwa nguvu, maumivu ya tumbo au usingizi usio wa kawaida, asisubiriwe kukuche.

Hatua ya saba: Piga picha nyayo zako kila Jumapili

Kisukari kikikaa miaka mingi hufisha hisia za miguu, na mkulima wa chai anaweza kutembea na mwiba ndani ya buti siku nzima asijue. Kamera ya mbele ya simu hukuonyesha unyayo ambao macho hayaufikii. Weka picha hizo kwenye albamu yake, linganisha na za wiki iliyopita, na ukiona lengelenge, ufa au weusi mpya, uende kituo cha afya na picha mkononi wiki hiyohiyo.

Hatua ya nane: Fikisha taarifa kwa anayezihitaji

Siku mbili kabla ya kliniki, toa ripoti ya siku 14 za mwisho. Itume kwa WhatsApp kwenye steshenari ya mtaani ichapishwe, ukurasa mmoja au miwili, kwa kuwa daktari hatapata muda wa kuperuzi simu yako na chaji inaweza kuisha kwenye foleni. Zungushia kalamu mambo matatu: vipimo vyote vilivyo chini ya 4, vyote vilivyopita 13, na siku ambazo dawa ilikosekana. Usijivunie wastani. Mtu aliyepata 3.2 alfajiri na 13.0 jioni ana wastani wa 8.1, namba nzuri inayoficha hatari mbili. Daktari ataulinganisha mwenendo wako na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu, na vikipishana sana atajua kuna saa ambazo hupimi.

Kundi la familia la WhatsApp lina msaada wake, mradi mkubaliane nani ajibu. Kwenye kundi letu shangazi mmoja alimkemea mama kwa sababu ya 14.1, na mama akaacha kupima jioni kwa siku tisa. Asubuhi aliendelea kutuma namba nzuri, nasi tukafurahi. Siku hizi namba huja kwangu peke yangu, nami hujibu kwa kushukuru kwanza, iwe 6 au 16, kisha ndipo niulize amekula nini.

Makundi makubwa ya wagonjwa usiyatumie kurusha ripoti yenye jina lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kusambaa.

Hatua ya tisa: Tunza nakala

Simu huibwa, hudondoka kwenye ndoo, na fundi huweza kuifuta yote ili kurekebisha chaji tu. Kila mwisho wa mwezi toa ripoti ya mwezi mzima na uitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja. Kabla ya kumkabidhi fundi, fanya hivyo tena, ondoa laini na kadi ya kumbukumbu, na uandike nenosiri la programu kwenye kadi ya kliniki, mahali ambapo mwanao anajua. Daftari la zamani usilitupe. Liache karibu na kopo la stripu pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa ajili ya siku umeme utakapokatika tangu jana na simu ikawa imezima, na hapo andika saa kwa tarakimu nne.